Muulize Mwalimu: Mishare yetu imekufa yote, ya jirani imebaki

Wiki hii meseji zimekuja nyingi na cha ajabu karibu zote zinazunguka kitu kimoja, jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi, hata kama walioziandika hawajui: migomba, mbu, maziwa, tembo, mpaka harusi. Nimechagua saba. Zile za "mwalimu niombee kazi" nimeziweka pembeni, sio kona yake hii.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Kibosho, Kilimanjaro, kihamba (shamba la nyumbani) ni cha marehemu baba. Tulikuwa na mishare tu, mashina kama arobaini, maana mama hataki ndizi nyingine kwenye mtori. Ndani ya miaka miwili yote imenyauka. Jirani tunayepakana naye kapoteza michache, mingi imesimama tena ina mikungu. Watu wanasema katutupia kitu na mama ameanza kuamini, hata salamu hawapeani. Kuna ukweli? *Kijana wa Kibosho*

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mwambie mama kwenye mtori niko upande wake, ndizi nyingine ni kujidanganya tu. Ila jirani mwacheni, na ushahidi upo hapohapo shambani kwenu.

Chukua panga, tafuta mgomba ulioanza kuumwa, utaujua kwa sababu majani ya chini yale ya zamani ndo yanatangulia kuwa ya njano kuanzia pembeni, afu yanavunjika pale kwenye shingo yananing'inia kuzunguka shina kama sketi. Kata shina kwa kulala, karibu na ardhi. Mgomba mzima ndani ni mweupe, umejaa maji, unaviona vile vyumba vidogovidogo vya hewa. Wa kwenu utakuta vidoti na mistari ya wekundu unaoelekea kahawia, imejipanga duara ndani ya duara kufuata maganda, kama mtu kachovya nyuzi kwenye chai ya rangi akazipanga. Hiyo ni mishipa inayopandisha maji, imeziba. Aliyeziba ni fangasi anaitwa Fusarium, anakaa kwenye udongo anaingilia mizizini, mabwana shamba wanaita mnyauko fuzari na wengine mnyauko wa Panama. Mi mwenyewe nilikata wa marehemu mama yangu kule Uru nikauona huo wekundu, nikakaa kwenye jiwe nikalia, maana nilishajua huyo akishaingia kwenye udongo anakaa miaka na miaka, hata migomba yote ukiing'oa.

Sasa kwa nini kwenu imekwenda yote. Jibu umeliandika mwenyewe: "mishare tu".

Ndizi tunazokula hazina mbegu. Ndizi mwitu za kule Asia zina mbegu nyeusi ngumu kama kokoto, watu wa zamani wakawa wanachagua migomba inayotoa nyama bila kokoto, wakachagua wee mpaka tukafika hapa. Utamu tukapata, ila mgomba ukaacha kuzaa kwa baba na mama, unatoa chipukizi pembeni basi. Na chipukizi sio mtoto, chipukizi ni mgomba uleule umetokea mlango mwingine, vinasaba ni vilevile. Baba yako alianza na shina moja au mawili akawa anahamisha machipukizi, kwahiyo yale arobaini sio familia, ni mmoja amejirudia. Nimefundisha miaka mingi na hii naijua kwa macho, darasa zima likinakili kwa mtu mmoja, yule akikosa swali la nne basi karatasi zote arobaini zimekosa swali la nne, na kwa kosa lilelile. Fangasi alipoujua mshare mmoja alikuwa ameshawajua wote.

Kwa jirani yako nenda kaangalie kwa utulivu. Mi nakisia mishare yake nayo imekwenda, na ndizi kisukari kama alikuwa nazo zimekwenda pia, hizo mbili fangasi huyu anaziweza sana. Iliyosimama ni ya aina nyingine, na aina hizo zilikuwa na uwezo wa kumzuia tangu siku zinapandwa, kabla ugonjwa haujafika hata kijijini. Hapo ndo watu wengi wanapoteleza. Ugonjwa haukuifundisha ile migomba kupona. Ugonjwa umepita, waliokuwa tofauti wamebaki, waliokuwa sawa na aliyekufa wamekufa. Hiyo ndo inaitwa uchaguzi wa asili, kitu ambacho Charles Darwin alikiandikia kitabu mwaka 1859 baada ya kuwaangalia sana wafugaji wa njiwa wanavyochagua wa kuzalisha, akajiuliza kama mtu anaweza kuchagua, je ukame, baridi na magonjwa haviwezi? Jeni, yaani hivyo vinasaba, hakuzijua. Mtawa mmoja, Gregor Mendel, alichapisha hesabu zake za jinsi njegere zinavyorithi sifa mwaka 1866 na karibu hakuna aliyezisoma mpaka mwaka 1900.

Na msidhani ni ya Kibosho peke yake. Ndizi iliyokuwa inauzwa dunia nzima zamani ilikuwa Gros Michel, ya aina moja mashamba kwa mashamba huko Amerika ya Kati, fangasi huyuhuyu akaimaliza kibiashara kufikia miaka ya 1950 na kitu. Wakahamia Cavendish kwa sababu yeye hadhuriki na fangasi yule. Wakafanya nini? Wakapanda Cavendish peke yake, mashamba kwa mashamba. Sasa imetokea mbari nyingine ya fangasi inayoiua Cavendish, na mwaka 2013 iliripotiwa hapo Msumbiji. Binadamu bwana.

Utauliza huo utofauti unatoka wapi sasa. Kwanza ni makosa ya kunakili: kila seli ikijigawa inanakili maandishi yake ya DNA, na mara mojamoja herufi inakosewa. Pili ni kuchanganya karata za baba na mama. Mgomba wetu umebaki na ile ya kwanza tu, na ni ya polepole, ndo maana wazee wanakutajia mishare ya aina kadhaa, mlelembo na wenzake, tofauti zipo ila mbele ya fangasi wote wanyonge. Pale Tengeru upande wa Taasisi ya Nelson Mandela kuna watafiti wanajaribu kumrudishia mshare mambo ya ndoa: asubuhi mapema wanapaka chavua ya mgomba mwingine kwenye maua ya mshare kwa mkono, mikungu mingi inatoa mbegu chache mno, afu kiinitete kinatolewa kwenye mbegu na kulelewa kwenye chupa. Kazi ya subira hiyo.

Nyie kwa sasa msirudishe mshare kwenye udongo ule, msiazime machipukizi kwenye kihamba chenye ugonjwa hata kama yanaonekana mazima, panga likitoka kwenye mgomba mgonjwa lioshwe na kupitishwa motoni kabla ya kugusa mwingine, na mkinunua, nunueni miche ya maabara. Afu changanyeni. Tano hivi, tano vile. Kahawa iliyo chini ya hiyo migomba ni hadithi ileile, iliingia kwetu kupitia misheni ya Kilema mwaka 1898 na arabika yenyewe kwa asili ina utofauti kiduchu, chulebuni na kutu ya majani vikaitesa hadi watafiti wa Lyamungu walipotafuta nguvu kwenye mibuni ya mbali kabisa, mmoja wa Timor na mwingine wa Sudan, wakachanganya. Ndo hiyo miche ya vikonyo mnayopewa.

Na mama aende akamsalimie jirani. Aende na kitu mkononi.

SWALI: Mambo mwalimu. Niko Mabogini karibu na majaruba ya mpunga. Zamani ukipuliza dawa ya mbu asubuhi unafagia mizoga. Sa hivi unampulizia anakaa ukutani anatikisa miguu afu anaondoka zake. Wamezoea dawa au tunauziwa maji? *Mkulima, Mabogini*

JIBU: Poa tu. Kuuziwa maji inawezekana, biashara ina mengi, lakini tuseme dawa ni nzima. Hilo neno "wamezoea" ndo tatizo. Mtu anazoea pilipili, anaanza na kidogo anaongeza. Mbu akipata dozi ya kumuua anakufa, hana muda wa kuzoea.

Kinachotokea ni hiki. Dawa nyingi za kupuliza na za kwenye vyandarua ni za jamii moja, pairethroidi, na zinafanya kazi kwa kushikilia vimlango fulani kwenye neva za mbu visijifunge, mbu anatetemeka anaanguka. Katika mbu wote wa majaruba yenu wapo wachache ambao maandishi ya kile kimlango yana herufi moja imekosewa, dawa haishiki sawasawa. Wengine kimlango ni cha kawaida ila ndani wana vimeng'enya vingi vya kuvunjavunja sumu, na hii sikutungii, mbu wa aina ya Anopheles arabiensis wa hukohuko kwenu Moshi ya chini walipimwa wakakutwa na uwezo huo. Kabla ya dawa mbu wa hivyo hakuwa na faida yoyote, alikuwa mbu tu. Ukapuliza. Mia wamekufa, wawili wamebaki, na hao wawili wamebaki na majaruba yote peke yao, jike mmoja anataga mayai mamia, wiki mbili hivi yameshakuwa mbu, na watoto wamerithi. Ukapuliza tena. Fanya hivyo msimu hadi msimu afu jumlisha na dawa za jamii hiyohiyo tunazomwagia mboga na mpunga, viluwiluwi wanaogelea humohumo, unategemea nini? Mbu hajabadilika, walioko sa hivi ni ukoo mwingine.

Chandarua usitupe kwa hasira. Hata dawa ikizidiwa chandarua ni ukuta, na siku hizi vipo vilivyoongezwa kitu kinaitwa PBO ambacho kinavizuia vile vimeng'enya, vilijaribiwa Muleba mkoani Kagera na matokeo yakatoka mwaka 2018, malaria kwa watoto ilipungua kuliko kwa vyandarua vya kawaida.

Vimelea vya malaria vyenyewe vimetufanyia mchezo uleule. Wa umri wangu mnaikumbuka klorokwini, ule muwasho wake, unajikuna mpaka unatamani kujisugua ukutani kama ng'ombe. Iliacha kufaa, Tanzania tukaitoa kwenye matibabu ya kwanza mwaka 2001, baadae mwaka 2006 ndo tukaingia dawa ya mseto. Majirani zetu Malawi waliiacha mapema, mwaka 1993, na baada ya miaka kama nane tu vimelea sugu vilikuwa vimepotea kule, vimerudi vile vya zamani vinavyokufa kwa klorokwini. Kwa nini? Usugu ni mzigo. Kama hakuna dawa, kimelea kinachobeba usugu kinaachwa nyuma na wenzake wasiobeba. Wakati wa vita mwenye ngao ndo anapona, vita ikiisha mwenye ngao ndo anachelewa sokoni.

SWALI: Mwalimu kama viumbe vinabadilika, mbona Wamasai wametoboa na kuvuta masikio vizazi na vizazi na watoto bado wanazaliwa na masikio mazima? *Muuliza swali, Usa River*

JIBU: Umelijibu mwenyewe. Unachokitenda mwilini hakiandikwi kwenye mbegu ya uzazi. Sikio limetobolewa, maandishi ya sikio yako palepale. Na nyie wa gym mliouliza mwezi uliopita kama mtoto atazaliwa na misuli yenu, jibu ndo hilihili, mtoto atarithi jeni zako, zile kilo mia unazonyanyua atazitafuta mwenyewe.

SWALI: Oya ticha, mi chalii wa Ngarenaro. Nina mshikaji Mmasai wa Monduli anapiga maziwa freshi lita nzima anaenda zake. Mi glasi moja tumbo linanguruma kama bodaboda bila egzosi, afu yanayofuata unajua. Kila siku ananicheka eti ujana wa mjini. Ni mjini kweli?

JIBU: Sio mjini, chalii. Wewe ndo wa kawaida, yeye ndo wa ajabu, kamwambie hivyo.

Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi na kuimeng'enya unahitaji kimeng'enya kinaitwa laktesi. Watoto karibu wote wanacho. Kwa mamalia karibu wote, akishaachishwa ziwa jeni yake inapunguza kazi, maana ng'ombe mkubwa atanyonya nani? Hata watu wazima wengi duniani wako hivyo. Laktosi isipomeng'enywa inashuka utumbo mpana, bakteria wanafanya sherehe, gesi ndo hiyo bodaboda yako.

Sasa kwa jamii zilizofuga, wapo watu ambao ile swichi ya kuzima haizimi. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kazi waliyofanya kwa watu wa makabila mengi ya Tanzania, Kenya na Sudan, walikuwa wanawanywesha laktosi afu wanawapima sukari kwenye damu, wakasoma na DNA zao. Wakakuta mabadiliko ya herufi mojamoja karibu na jeni ya laktesi, na lile lililoenea kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya wakakadiria limetokea kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita. Kwa hesabu za mageuko hiyo ni juzi jioni. Na kinachonifurahisha mimi, Wazungu wa Ulaya wanaokunywa maziwa wana badiliko lao jingine kabisa, herufi nyingine, mahali pa karibu. Kosa hili la kunakili limetokea huku, lile likatokea kule, hawakuambiana, na kote kulikuwa na ng'ombe wa kulipa kosa hilo thamani. Lingetokea kwa mvuvi asiye na ng'ombe lingekaa tu humo bila kazi. Fikiria mwaka wa ukame, mahindi hakuna, maji machafu, ng'ombe wana maziwa: anayeyamudu bila kuharisha ndo anabaki na nguvu na watoto wake wanabaki.

Sio kila Mmasai analo hilo badiliko, usiwapangie. Na wewe kunywa mtindi, bakteria wameshakula sehemu ya ile laktosi kwa niaba yako, wale wazee wa kibuyu hawakuwa wajinga. Maziwa kidogo kwenye chai nayo wengi wenu yanapita salama.

SWALI: Habari mwalimu, mimi ni muongoza watalii hapa Arusha. Mgeni kaniambia kuna tembo Msumbiji wanazaliwa bila pembe kwa sababu wamejua wakiwa nazo watauawa. Nilitabasamu tu ila sikuwa na jibu.

JIBU: Nzuri kaka. Habari ni ya kweli, sababu ndo kaichanganya.

Ni hifadhi ya Gorongosa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji vilikwenda kuanzia 1977 hadi 1992, askari wa pande zote wakawa wanaua tembo kwa ajili ya pembe na nyama, zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa pale wakapotea. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwepo, kama 18 hivi kwa kila mia. Baada ya vita, kati ya walionusurika, wakawa kama 51 kwa mia. Hakuna tembo aliyekaa kikao. Mwenye bunduki alikuwa anamruka asiye na pembe, basi. Na watoto wa kike wa hao walionusurika, waliozaliwa bunduki zikiwa zimeshanyamaza, wengi nao wakaja bila pembe, maana kitu kiko kwenye damu.

Watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba mwaka 2021 na wakaonyesha dalili kwamba badiliko lenyewe liko kwenye kromosomu X, kile kifungu cha vinasaba ambacho jike anavyo viwili na dume kimoja, na hapo pana jambo la kumwambia mgeni wako akanyamaza: wasio na pembe pale ni majike watupu. Dume anayerithi badiliko hilo inaonekana anafia tumboni. Kwahiyo jike asiye na pembe anaokoka risasi, halafu nusu ya watoto wake wa kiume hawazaliwi. Ndo bei yenyewe. Uchaguzi wa asili hauangalii mbele, unaangalia nani amebaki leo asubuhi. Na pembe sio pambo, tembo anachimbia maji, anabandua magome, wasipokuwa nazo hata miti ya hifadhi inabadilika mwendo. Ukiwa Tarangire na wageni hesabu majike wasio na pembe uwaonyeshe, lakini usiwatungie hadithi, wapo siku zote wachache kila mahali.

SWALI: Kama tulitoka kwa sokwe mbona sokwe wa Gombe hawageuki watu? Naomba ujibu bila kukwepa. *Mtumishi, Himo*

JIBU: Sikwepi mtumishi. Hatukutoka kwa sokwe, sisi na sokwe ni mabinamu, bibi ni mmoja na aliishi miaka milioni sita au saba iliyopita. Kumuuliza sokwe kwa nini hajawa mtu ni kama kumuuliza binamu yako wa Rombo kwa nini hajawa wewe. Ana maisha yake na msitu wake, kwenye kupanda miti anakuzidi. Na wa katikati usiwatafute porini Gombe, nenda mkoani Arusha hapohapo, Laetoli kusini mwa Olduvai, kuna nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka kama milioni 3.66 iliyopita, timu ya Mary Leakey ilizikuta miaka ya 1976 hadi 1978. Dole gumba la mguu limenyooka mbele kama lako, sio la kushikia matawi. Mambo ya imani tutaongea siku nyingine na chai iwepo, mi mwenyewe jumapili niko kanisani.

SWALI: Mwalimu naomba jina lisitoke. Mi ni wa Machame, mchumba wangu kwao Musoma, harusi tumepanga Desemba. Mdogo wake ana selimundu. Shangazi yangu anasema ile ni laana ya ukoo wao na nisiolewe. Mchumba mwenyewe ni mzima kabisa anacheza mpira. Nimpime? Nitampotezaje bila kumuumiza?

JIBU: Mwanangu, huyo wa kumpoteza hujampoteza bado, tulia.

Kwanza laana. Selimundu ni herufi moja. Katika maandishi yote ya DNA, herufi kama bilioni tatu, moja imebadilika kwenye jeni ya himoglobini na mnyororo unaotoka unakuwa na tofali la sita lisilo lake. Anayerithi nakala mbili za hivyo, moja ya baba na moja ya mama, seli zake nyekundu zinapinda kama mundu zinaziba mishipa, ndo yale maumivu unayoyaona kwa shemeji. Mwenye nakala moja tu kwa kawaida ni mzima, anacheza mpira.

Kwa nini kitu kibaya hivyo kimejaa Kanda ya Ziwa? Daktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, aliona mwaka 1949 kwamba wenye nakala moja ni wengi mwambao na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: nakala moja inamkinga mtoto na malaria kali. Penye mbu wengi, mtoto mwenye nakala moja alipona zaidi ya mwenzake asiye nayo kabisa, akakua akaoa akairithisha. Watu wa Musoma wanabeba kumbukumbu ya malaria iliyowaua mababu wenzao, sasa shangazi akiita laana basi na chandarua kiitwe uchawi. Kwenu Machame juu baridi ilizuia mbu, jeni haikuwa na faida ikabaki adimu. Adimu nimesema, sijasema haipo, usije ukajiambia mi Mchaga sihusiki.

Sasa hesabu. Mdogo wake anaumwa, maana yake wazazi wote wawili wana angalau nakala mojamoja. Kwa wazazi wa hivyo kila mimba ina njia nne: mzima kabisa moja, mbebaji mbili, mgonjwa moja. Mchumba wako sio mgonjwa, futa hiyo, zimebaki tatu na mbili kati yake ni ubebaji. Kwahiyo uwezekano wa yeye kubeba ni thuluthi mbili. Ila hilo peke yake halikupi mtoto mgonjwa. Wewe ukiwa huna kabisa, hakuna mtoto wenu atakayeugua selimundu hii, nusu yao tu ndo wanaweza kuwa wabebaji kama baba yao. Wote mkiwa wabebaji, kila mimba ni robo ya uwezekano wa mgonjwa, na kila mimba inaanza upya, usisikie mtu akikwambia "wa kwanza ameshaumwa basi watatu wanaofuata watapona". Mimba haikumbuki mimba iliyopita.

Usimpime yeye. Nendeni wote wawili siku moja, wewe ukitangulia kutoa mkono, hapo hakuna atakayejiona ameshukiwa. Mwombe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia tu kama seli zinapinda hakitoshi, kinaweza kusema "ipo" bila kukwambia kama ni nakala moja au mbili. Majibu mkayasome mbele ya daktari anayejua kuyaeleza, afu mtaamua nyie wawili, shangazi ataletewa kadi ya mchango. Ukishapata niandikie hapahapa, jina sitalitoa.